Mama Benchi Anaaga Duka la Vyerehani

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mwandishi wetu wa matangazo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Sisi sote humwita Mama Benchi, na hilo jina amelitolea jasho.

Aliajiriwa kupokea simu. Mwaka wake wa pili, duka kubwa lilifunguliwa ng'ambo ya barabara na wateja wakatuhama. Bosi alitwambia wazi kuwa hali ikibaki vile kwa miezi mitatu, anafunga, nasi watu saba tukatafute riziki kwingine. Nikajitosa kuandika kipeperushi. Mimi ni fundi, basi nilisifia mota, gia na kasi mpaka nikajiona bingwa. Tuligawa vipeperushi mia tano, hakuja hata mtu mmoja. Kumbe nilikuwa nimewaandikia mafundi wenzangu, na fundi hanunui cherehani mpya, anafufua ya zamani.

Mama Benchi hakunicheka, angalau si mbele yangu. Alihamia kwenye benchi la wateja, akakaa siku nne akisikiliza wanachoongea wakisubiri matengenezo. Wengi walikuwa akina mama wanaoshonea nyumbani. Hakuna aliyeuliza habari za kasi; waliuliza kama mashine ina kelele. Akaandika mstari mmoja tu: "Shona, mwanao aendelee kulala." Wiki ile tuliazima viti kwa jirani.

Tangu hapo hakuandika tangazo kabla ya kukaa pale. Fundi mmoja mgeni alimdhania mteja, akamnadia cherehani nusu saa nzima. Yeye akasikiliza kwa adabu, kisha akaomba aelezwe tena polepole ili aandike. Kila tulipomletea maneno makubwa, alituuliza tunamwambia nani. Swali hilo liliniudhi miaka mingi, na najua nitalikosa sana.

Wasifu huu nimeuandika mara tatu. Wa kwanza ulimfaa bosi, wa pili ulinifaa mimi. Ndipo nikamkumbuka atakayesomewa karatasi hii sebuleni: mama yake mzazi, ambaye macho yamemchoka, na ambaye hajawahi kuelewa bintiye analipwa kwa kazi gani.

Mama, shikamoo. Kazi ya mwanao ilikuwa kuwasikiliza watu. Kwa sababu hiyo watu saba tulibaki na ajira, na watoto wetu wakasoma. Ahsante kwa kumlea. Sasa tunamrudisha kwako, na tunawatakia nyote wawili siku tulivu na afya njema. Zungumza naye upendavyo, anajua kusikiliza.