Mwoga wa Chumba cha Sindano

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kushika sindano, Shangazi, kama sote tunavyomwita kazini, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kuanzia Jumatatu chumba cha mwisho kwenye korido yetu, kile chenye pazia la kijani na taa yenye kioo cha kukuzia, hakitakuwa chake tena. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wengine. Mimi pia ndiye nitakayekalia kiti chake.

Wastaafu wengi husifiwa kwa ushujaa wao. Yule wa mapokezi aliyetuaga mwaka jana alisifiwa mpaka tukadhani tunamuaga mwanajeshi. Kwa Shangazi sitaweza kufanya hivyo, maana kila mtu kwenye kliniki hii ya ngozi anajua kwamba Shangazi ni mwoga. Anaogopa swichi, anaogopa jua, anaogopa kucha za wateja, anaogopa hata wingu likijikusanya kwa sababu umeme unaweza kuyumba. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Naomba wageni wetu waliosogezewa karatasi hii wasome kwa msemo huo.

Kwa wasioijua kazi yake, ni hii. Mwanamke anakuja ana ndevu. Amenyoa kwa wembe, amepaka dawa za kila namna, ameng'oa kwa kibano mpaka kidevu kimekuwa na vipele, na ndevu zinarudi zimenona. Shangazi anamlaza kitandani, anawasha taa, na kwenye kila kinyweleo anaingiza sindano nyembamba sawa na unywele wenyewe. Anakanyaga pedeli, umeme kidogo unapita, mzizi unakufa, unywele unatoka bila kuvutwa. Halafu anahamia mwingine. Kidevu kimoja huchukua miezi mingi. Umeme ukipungua, ndevu zinarudi. Umeme ukizidi, au sindano ikikaa kitambo, inayokufa ni ngozi. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi ndogo mno, na humo ndimo Shangazi alimokaa miaka yote hii, roho mkononi.

Wateja walimwita Usiguse. Neno hilo walilisikia wakiingia, wakilala, wakiinuka, na wakiwa wameshafika getini. Ngozi iliyopigwa sindano huwa nyekundu au hugeuka rangi, huvimba kidogo, kisha hutoa vigaga vidogo kama chembe za pilipili manga. Vigaga vinawasha, na mkono wa binadamu haujui kukaa. Ukikibandua kabla hakijadondoka chenyewe unaacha doa jeusi, na ukirudia rudia unaacha kovu. Kuna mama mmoja mwenye heshima zake alianza kujikwangua pale pale kwenye benchi la kusubiria. Shangazi alimwona kupitia mlango ulio wazi, akatoka na glavu zake, akamwambia, "Mama, kalia mikono yako." Na yule mama akaikalia, mkoba ukiwa mapajani, mpaka alipokuja kuchukuliwa na mumewe.

Daktari wetu mkuu alipoleta mashine mpya inayokata umeme yenyewe, sote tulishangilia. Shangazi aliizunguka kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemjua. Aliijaribu kwenye mguu wake mwenyewe wiki baada ya wiki, anapiga sindano, anasubiri kigaga, anakitazama kinavyodondoka. Daktari akamtania: "Shangazi, hiyo mashine sasa inakuogopa wewe." Akajibu kwamba ndivyo anavyotaka, waogopane.

Tulicheka sana na uoga huo. Lakini uoga wa Shangazi haukuanza naye alipoajiriwa. Wanaomkumbuka miaka ya mwanzo wanasema alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, anapiga sindano huku anaimba. Ulianza kwa kidevu kimoja, na kidevu hicho ni hiki changu. Nimemwomba ruhusa nikisimulie. Akasema, "Kisimulie chote, usinipake mafuta."

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi waliniita Mwalimu Ndevu, na hawakujua kwamba nawasikia. Nilikuwa nimechumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kwa Shangazi nikamlilia anisafishe kidevu kizima kabla ya siku hiyo. Kanuni ya kazi ni kuruka: unapiga unywele mmoja, unawaacha majirani zake, ngozi ipumue, wale wengine unawarudia safari nyingine. Siku ile hakuruka. Alinihurumia. Alipiga unywele na jirani yake, na jirani wa jirani, kuanzia chini ya mdomo hadi kwenye taya, na joto la sindano hizo zote likakutana chini ya ngozi yangu. Nilitoka nikiwa laini kama yai. Nilijitazama kwenye vioo vya maduka njia nzima.

Kesho yake nilipoamka sikuweza kufunga mdomo. Kidevu kilikuwa kimevimba na kuota malengelenge, yakapasuka, yakawa yanachuruzika maji. Baada ya hapo pakakauka na kuwa gamba jeusi, nene, lililopasuka kila nilipojaribu kusema. Mama yangu aliingia na chai, akaiacha ikamwagika. "Mwanangu, nani kakuchoma?" Sijawahi kuogopa vile tena. Niliogopa wakwe, niliogopa darasa, lakini zaidi niliogopa kioo. Nilikigeuza kikatazama ukuta. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka kichwani: je, nitabaki hivi?

Mama alinifunika mtandio akanipeleka kliniki. Shangazi alipoufunua, mikono yake ilianza kutetemeka, akalazimika kukaa. Nilimwangalia nikitafuta usoni mwake jibu kwamba nitapona, na nikaona kwamba naye anaogopa kama mimi. Angeweza kusema nina ngozi mbaya, au nimejikuna, au nimepaka kitu. Wengine husema hivyo. Yeye alisema, "Nimekuchoma mimi. Sasa tuiokoe ngozi, halafu ndiyo unitukane." Akaenda mwenyewe kumwambia daktari, na akamwambia pia kwamba kidevu hicho kikibaki na kovu, yeye anavua koti na kuacha kazi.

Kisha akaanza kuja nyumbani. Kila alipotoka kazini alikuja kwetu, ananawa, anaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, anapaka dawa ya daktari, anafunga dirisha la upande wa jua. Baada ya hapo alikaa mbele yangu kwenye kiti cha jikoni na kuitazama mikono yangu. Gamba lilipoanza kuachia pembeni, mwasho ulikuwa wa kutia wazimu. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Alikuwa akivishika, vyote kumi, na kuvifumbata mapajani mwake huku akizungumza na mama habari za bei ya sukari na watoto wa majirani. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Mama aliyeapa kumfukuza siku ya kwanza, alifika mahali anamwekea chakula.

Gamba lilidondoka lenyewe, nikalikuta kwenye mto. Nilimsubiri Shangazi ndipo nigeuze kioo. Chini ya gamba ngozi ilikuwa changa, nyororo kama ya mtoto, na ya rangi nyingine kabisa. Nililia. Shangazi alisema kulia ni ruhusa ilimradi machozi nisiyafute kwa vidole. Ngozi ile ikageuka nyeusi kuliko uso wote, nikatembea na baka miezi mingi, na katika miezi hiyo hakuna aliyethubutu kuniahidi chochote. Baka likafifia polepole mno, hata sikujua siku lilipoondoka. Pamebaki kishimo kimoja chini ya pembe ya mdomo, kidogo kama punje ya mtama, na daktari alikataa koti livuliwe kwa ajili hiyo. Wakwe walikuja baadaye. Mchumba aliyenikuta na gamba akasema ndevu zilikuwa afadhali ndiye baba wa wanangu, na hadi leo anatania hivyo hivyo.

Shangazi hakuimba tena akiwa na sindano mkononi. Na nilipochoka na ualimu nikaja kuomba nafasi ya kujifunza kazi hii, ndipo nikakutana na desturi aliyokuwa ameianzisha baada yangu, desturi ambayo hakuna kliniki nyingine nimeisikia kuwa nayo. Hakuna mwanafunzi wa chumba chetu anayegusa uso wa mtu kabla hajamchoma Shangazi. Anakunja mkono wa koti, analaza mkono juu ya meza, anakuelekeza kwa sauti ya upole, na ukizidisha umeme hasemi. Anakuacha uone. Kesho yake anakuja na kigaga ulichokitengeneza, anakuwekea chini ya taa, na utakitazama kila siku mpaka kidondoke. Mkono wake wa kushoto una madoa ya watu wote waliopita hapa. Langu liko karibu na kifundo, kubwa kupita yote, na mgeni akiuliza hulitaja kwa majivuno kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Tangu kidevu changu, hakuna uso uliotoka chumba kile na kovu. Haya ndiyo mafanikio yake, na najua akisoma mstari huu atagonga meza kwa kuogopa kijicho. Walimu wametoka kwake, mabibi harusi wametoka kwake, na mabinti waliokuwa wakizungumza huku wamefunika midomo sasa wanazungumza midomo ikiwa wazi.

Lakini Jumatatu inakuja, na mimi ninaogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi niliumwa na mkono bora kuliko wote tulionao. Kama yeye aliweza kuteleza kwa huruma tu, mimi nitatelezea nini? Hivi karibuni nikivaa glavu zinajaa jasho kabla sijagusa sindano. Naota magamba. Nilimwendea nikamwambia labda kiti apewe mtu mwingine mwenye moyo mgumu. Alikuwa anafuta kioo cha taa, hakugeuka. "Mwenye moyo mgumu akachome mahindi," akasema. "Wewe siku utakapoacha kuogopa, ndiyo uvue koti uende nyumbani."

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Wiki hii kamati ilimwuliza angependa zawadi gani. Wengine walipendekeza kochi, wengine jokofu. Alisema hataki kitu cha kubebwa, anataka nafasi ya kwanza ya Jumatatu asubuhi, chumba cha mwisho. Mwenzetu wa mapokezi alicheka, akadhani ni utani wa mstaafu asiyejua kukaa nyumbani. Ndipo Shangazi akashusha mtandio aliokuwa akiufunga hadi kidevuni mwaka mzima, ule aliotuambia ni wa baridi. Umri umemwotesha ndevu. Amekuwa akizikata kwa mkasi, kwa siri, huku ana sindano mbele yake, kwa sababu mkono wake alimpa kila mtu ila uso hajawahi kumpa yeyote. Alikuwa anaogopa.

Kwa hiyo Jumatatu mteja wangu wa kwanza atalala kwenye kitanda kile, atafumba macho, na kidevu chake kitakuwa chini ya taa. Amenionya kwamba hataniambia lolote, hata nikikosea. Nitaruka, Shangazi. Nitapiga mmoja niwaache majirani zake, hata ukinililia. Mikono yangu itatetemeka kwanza, nitakaa, nitasubiri itulie, kama ulivyokaa wewe siku ile.

Kwa niaba ya wote wenye doa lao mkononi mwako, asante. Tunakuombea siku nyingi za afya, usingizi usio na magamba, na wajukuu watakaokusumbua vya kutosha. Nenda salama nyumbani, upumzike, ukae kivulini. Na tafadhali, usiguse.