Mama Jumatatu na Hospitali Zilizonyamaza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha kufuatilia usugu wa bakteria dhidi ya dawa, ambaye sote tunamwita Mama Jumatatu, anastaafu tarehe 30 Juni. Wasifu huu umesomwa na kusomwa tena kabla ya kuchapwa, maana tunajua naye atausoma akiwa na kalamu mkononi.

Aliingia Maabara Kuu kama msaidizi, akiosha sahani za kuoteshea vimelea. Alisoma huku akifanya kazi, akapanda hadi kuwa mtaalamu, kisha akakabidhiwa kitengo ambacho wakati huo kilikuwa meza moja nyuma ya mlango wa stoo. Leo hospitali za kila pembe ya nchi hututumia bakteria waliotoka kwa wagonjwa wao, nasi hupima dawa gani bado inawaua na ipi wameshaizoea. Mama Jumatatu huwaeleza wageni hivi: ukiotesha bakteria kwenye sahani na kuweka katikati kikaratasi chenye dawa, dawa yenye nguvu huacha duara tupu, kama uwanja uliofyekwa. Wakiwa sugu, huota hadi kukigusa kikaratasi. Hapo, husema, wenye nyumba ni wao.

Kwa familia yake nako habari ni hiyo hiyo. Inasemekana shemeji zake wakisikia anakuja kuwatembelea, jambo la kwanza si kufagia ua bali ni kuficha vidonge vya dozi wasizomaliza, walivyobakiza kabatini "vya akiba". Huvipata vyote.

Jina lake lilitokana na simu. Kila Jumatatu asubuhi, chai ikipoa pembeni, huzipigia hospitali. Si zile zilizotuma majibu mabaya. Hizo, kwake, zinafanya kazi yao. Huzipigia zilizonyamaza. Huanza na salamu, na salamu zake si za kuombea maji: huuliza harusi ya binti wa huyu, goti la mama mkwe wa yule, ndipo sampuli zifuate. Mhasibu wetu aliwahi kulalamika kwamba siku hizi kitengo kinafuatilia magoti. Alijibiwa kwa upole kuwa mtu ambaye hujamuuliza goti la mkwewe hatakuambia yanayomsibu wodini.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata mkurugenzi mpya. Kwenye ramani iliyo ukutani, hospitali zenye usugu mkubwa tuliziwekea doa jekundu, na hospitali moja ya mbali ilikuwa haina doa kwa miezi mingi. Mkurugenzi aliisifu kikaoni na kutangaza kuwa itapewa cheti cha mfano bora. Mama Jumatatu alinyoosha mkono.

"Samahani, mkurugenzi. Hiyo haijapona, imenyamaza tu."

Mkurugenzi hakufurahi, maana mialiko ilikuwa imeshatoka. Alimpa hadi mwisho wa wiki athibitishe maneno yake.

Mama Jumatatu alipopiga simu tena, mtaalamu wa maabara wa kule, mtu wa utani asiyekosa neno, aliitikia salamu vizuri, lakini alipoulizwa sampuli alisema, kama kila Jumatatu, ziko njiani, safari hii bila kutania. Hilo lilimtosha Mama Jumatatu. Kesho yake alipanda basi.

Alikuta mambo ni haya. Mtaalamu yule aliwahi kutuma majibu ya wodi ya watoto wachanga yakionyesha usugu, akaitwa ofisini na kuulizwa kwa nini anaiaibisha hospitali. Tangu siku hiyo aliendelea kuotesha na kusoma, kisha kuteketeza sahani kimya kimya. Huku nyuma, wachanga wenye maambukizi ya damu waliendelea kuanzishiwa dawa ile ile. Siku aliyofika Mama Jumatatu walikuwapo wodini kadhaa wasiopata nafuu, na mama zao wamekaa ubavuni mwao wakisubiri.

Mama Jumatatu aliomba kuona sahani za wachanga hao, ambazo zilikuwa bado hazijateketezwa. Hapakuwa na duara hata moja. Hakumgombeza mtu, alimwomba daktari mkuu wa hospitali ashuke maabara.

"Daktari, mwanangu," alimwambia, "sikuja na cheti wala kesi. Angalia sahani hizi, halafu twende wodini."

Daktari alizikagua moja moja, kisha akaongozana naye wodini. Kabla jua halijazama, dawa ilikuwa imebadilishwa. Si wote waliopona, na Mama Jumatatu hulisema hilo kila anaposimulia, ili tusimpambe. Lakini wengi walitoka pale migongoni mwa mama zao.

Mwaka uliofuata hospitali ile ilipata cheti kweli, kwa kutuma sampuli bila kukosa, na aliyekitoa ni mkurugenzi yule yule. Ni yeye pia aliyeagiza hospitali zilizonyamaza ziwekewe doa la kijivu, ili pasiwe na mgeni atakayedhani kimya ni afya. Mtaalamu wa kule karudia utani wake. Sasa ni yeye anayempigia Mama Jumatatu, Jumatatu asubuhi, kabla hajapigiwa.

Wiki hii swali ofisini lilikuwa moja: nani atapiga simu hizo? Maana zikikoma, madoa ya kijivu yataongezeka, na wachanga wa mahali fulani watapewa dawa isiyofanya kazi. Juzi Mama Jumatatu aliinyanyua simu yake na kuiweka kwenye meza ya karani wa takwimu, ambaye kila mtu anajua kwamba sauti yake hutetemeka hata akimwita mlinzi. Karani alijaribu kulisema hilo.

"Itetemeke tu, watakusikia," alijibiwa. "Anza na magoti."

Mama, ahsante kwa yote. Kapumzike, ucheze na wajukuu, na chai yako uinywe ikiwa ya moto. Tunakuombea afya na siku nyingi zenye furaha. Ukituma salamu, tutajua u mzima. Ukinyamaza, Jumatatu tutakupigia.