Skrubu ya Kulia: Maisha ya Mzee Taratibu, Mvushaji

Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao, mke wa mpasua mbao alijifungua mtoto wake wa nne, huyu ambaye ninyi nyote mlimwita Mzee Taratibu. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alikawia kutoka, na alipotoka hakulia mpaka alipomaliza kukitazama chumba.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya mto, kuanzia 1959 hadi 1966. Kila asubuhi alivushwa kwa kasia na mzee mmoja aliyekuwa na kawaida ya kuwauliza abiria wake, hata watoto: "Tuondoke?" Hakutia kasia majini mpaka wamjibu. Marehemu alisema hilo ndilo somo pekee aliloshika mpaka uzeeni.

Baada ya shule alijifunza useremala kiwandani, na mwaka 1979 akamaliza kuunda boti yake kwa mikono yake, mita tano na nusu. Akaifungia mashine ya nguvu za farasi nane. Kuvuka kulichukua robo saa. Abiria walimtania kwamba ukipanda na mchicha mbichi utashuka na mchicha mkavu, naye akicheka pamoja nao. Lakini kabla ya kuwasha, aliuliza: "Tuondoke?"

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Kila jioni marehemu aliiosha ile mashine kwa maji safi, akaifuta, akaifunika kwa kitambaa. Mkewe aliipa jina Mke Mdogo. Alikuwa akiita kutoka jikoni, "Mkeo mdogo keshaoga, sasa njoo ule!"

Katika ndoa hiyo alipata pia shemeji, mdogo wa mkewe, ambaye baadaye alikuwa fundi wa mashine na mshirika wake katika boti. Walikuwa na desturi yao. Mashine ya boti hushikwa kwenye ubao wa nyuma kwa skrubu mbili. Kila asubuhi shemeji alikaza ya kushoto, marehemu ya kulia. Asipokuwepo mmoja, boti haikutoka. Walifanya hivyo miaka mingi na hawakuwahi kuandikiana chochote.

Shemeji alitaka mashine ya farasi arobaini. Marehemu alijibu kwamba ubao ule aliupima yeye, na hakuupimia arobaini. "Tutaliongea," alisema. Aprili 2011 alilazwa kwa ajili ya upasuaji wa mgongo. Jumatatu, tarehe 9 Mei, alirudi gatini kwa mkongojo. Mke Mdogo hayupo. Alikuwa amebadilishwa kwa mvuvi wa ng'ambo, akaenda na kitambaa chake.

"Shemeji! Umemwona mnyama huyo?" shemeji alimpokea. "Arobaini! Dakika nne tu uko ng'ambo!"

Abiria walipiga makofi. Mwalimu mmoja, abiria wa kila siku, ambaye kwa miaka ishirini aliapa kuwa yeye ni wa Taratibu mpaka kufa, alipiga kuliko wote.

Marehemu hakuitazama mashine. Alitazama skrubu.

"Ya kushoto umekaza wewe. Ya kulia?"

Shemeji akamgeukia dada yake, aliyekuwa amekuja gatini.

"Mimi, Baba Watoto," mkewe alisema. "Nilitaka upumzishe mgongo."

"Nilikuwa na mgongo mbovu, mama. Mdomo ulikuwa mzima."

Kisha akawaambia wote, "Basi mmeshavuka. Safari njema." Akageuka na mkongojo wake.

Siku kumi na tisa baadaye ubao wa nyuma ulipasuka, hatua chache kutoka gatini. Hakuna aliyeumia. Marehemu alikuja bila kuitwa, na kwa siku tano akaunda ubao mpya, mnene, wa kubeba arobaini, kwa sababu, alisema, abiria wana watoto wao. Alipomaliza alikusanya vifaa vyake akaenda nyumbani. Hakupanda tena. Akiwa na shida ng'ambo alizunguka kwa barabara ya darajani, saa moja na nusu. Nyumbani hakuwahi kupaza sauti. Aliacha tu kumjibu mkewe kwa utani, na familia haitaficha kwamba hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko lolote.

Aliugua moyo kuanzia 2019. Alhamisi, tarehe 3 Februari 2022, alizidiwa, na barabara ilikuwa mbali. Alibebwa akawekwa botini. Baada ya dakika nne alikuwa ng'ambo, iliko hospitali, na madaktari wakamwahi.

Kitandani alimwita mkewe na shemeji yake. "Ni nzuri hiyo mashine," alisema. "Ningekubali. Mngeniuliza tu." Shemeji alilia. Marehemu akaendelea: "Siku ya kusoma wasifu wangu msiruke hapo pa mashine. Mkiruka, mtakuwa mmenifanyia mara ya pili." Ndiyo maana hatukuruka. Alifariki Jumamosi, tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi.

Asubuhi ya leo, jeneza lilipowekwa botini kuja huku walikolala wazazi wake, shemeji alikaza skrubu ya kushoto akasimama. Mama aliweka mkono juu ya jeneza. "Baba Watoto, tukaze?" Tulisubiri kwa muda mrefu. Hakujibu. Kwa hiyo mashine ilifunguliwa ikaachwa gatini, naye akavushwa kwa kasia, shemeji upande mmoja, mwalimu upande wa pili. Ilichukua zaidi ya nusu saa.

Marehemu ameacha mjane, fundi cherehani. Watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja. Shemeji yake, mshirika wake. Na boti moja yenye ubao imara.

Lala salama, Mzee Taratibu. Safari hii umeulizwa.