Mama Theodosia Anapanda Treni ya Chita

Ijumaa hii, tarehe 16 Mei 2025, Mama Theodosia Libenanga anatimiza miaka sitini na kukabidhi funguo za chumba cha mazoezi ya viungo, baada ya miaka thelathini na mitano na miezi kumi ya utumishi katika hospitali yetu hapa Ifakara. Kesho yake, Mungu akipenda, atapanda treni kwenda kwao Chita. Kwa mgeni hiyo ni habari ndogo. Kwa sisi tunaofanya naye kazi ndiyo habari yenyewe, maana Mama Theo hajafika kwao kwa miaka tisa, na kama Jumamosi atapanda au atageuka mlangoni mwa behewa hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe.

Lakini wasifu una utaratibu wake, na yeye amenigombeza miaka kumi na minne kwa tabia yangu ya kuruka hatua. Basi nianzie mwanzo.

Mama Theo ni mtoto wa tatu wa Mama Klementina, mkulima wa mpunga wa Chita ambaye yu hai na maneno yake bado anayo. Aliripoti kazini Julai 1989, mtaalamu wa fiziotherapia pekee, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya magongo. Wagonjwa walidhani ni mkandaji. Wengine walikuja na mafuta yao ya nazi kwenye chupa, wakajilaza kitandani wakingoja kukandwa, na alipowaambia wasimame wafanye kazi wao wenyewe, walikwenda kumshitaki kwa mganga mkuu.

Mwaka 1992 alikosea. Naliandika hili kwa ruhusa yake, tena amesema nisipoliandika hatausoma wasifu wangu. Alikuja mkulima kijana wa Mkula, Eveline, mgongo umemkamata akiwa anapandikiza mpunga. Mama Theo alimpima, akamwambia mgongo umelika na asiiname tena. Aliyasema kwa nia njema, ndivyo walivyofundishwa wengi wakati ule. Eveline akatii.

Miaka kumi na mmoja baadaye Mama Theo alishuka Mkula kwa shughuli za kliniki ya kijijini, akamkuta Eveline kando ya barabara anauza ndizi kwenye meza ya miguu mirefu, imetengenezwa hivyo ili asiiname. Majaruba yake ya mpunga alikuwa amemwachia shemeji. Mtoto wake wa mwisho aliogeshwa na majirani mpaka akajua kujiogesha. Kijiko kikidondoka, aliita mtu. Na mgongo uliuma kuliko siku ya kwanza, uliuma hata akimwona mwenzake tu ameinama. Alipomtambua Mama Theo alifurahi sana, akawatangazia wauza ndizi wenzake kwamba huyu ndiye aliyeuokoa mgongo wake, akamfungia mkungu mzima. Mama Theo anasema zile ndizi ziliivia jikoni kwake mpaka zikaoza, hakuweza kula hata moja.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alisoma, akaomba nafasi za mafunzo, akauliza waliomzidi na waliomfuata. Aliyorudi nayo ndiyo tuliyofundishwa sote. Maumivu ni ya kweli, hakuna mgonjwa anayeyatunga. Ila woga unayalisha. Mtu akishaogopa, anasikiliza mwili kutwa nzima, na mwili unaosikilizwa hivyo haukosi neno la kusema. Anaacha hiki, anaacha kile, misuli inalegea, na siku akijaribu kidogo inauma kweli, anasema si nilijua. Mama Theo alifananisha na mbwa aliyemwona mwizi mara moja: mwizi alishaondoka, lakini mbwa sasa anawabwekea hata wenye nyumba. Humpigi mbwa huyo. Unapita mbele yake taratibu, kila siku, mpaka akuzoee.

Ndipo akaacha kuwauliza wagonjwa wanaumwa wapi. Mgonjwa akishaamkia na kukaa, swali lake la kwanza lilikuwa moja: umeacha kufanya nini? Watu walishangaa. Wengine walilia hapo hapo, kabla hajawagusa.

Ndipo pia lilipoingia karai la matope. Lile karai wote mnalijua, hasa wafanya usafi, ambao hawajamsamehe. Alilijaza matope ya shambani, akaweka miche halisi ya mpunga, na wagonjwa wa mgongo walipandikiza humo. Kwanza karai juu ya meza, mche mmoja. Wiki inayofuata juu ya kiti. Kisha juu ya kigoda. Kisha chini. Wakaguzi waliwahi kutuandikia kwamba bomba la chumba cha mazoezi linavuja na nyasi zimeota. Mgonjwa wa kwanza wa karai alikuwa Eveline, ambaye Mama Theo alimfuata Mkula mwenyewe kumwomba radhi. Ilichukua miezi mitano. Msimu uliofuata alipandikiza jaruba lake zima, na mgongo ulimuuma, akapumzika, akaendelea.

Yako mengi ya kusimulia. Mzee Masanja, mfugaji, alifika kwetu amefunga mikanda mitatu ya mgongo, mmoja juu ya mwingine. Akasema ameacha baiskeli. Mama Theo akaazima baiskeli ya mpishi, akamwambia azunguke uwanja mara moja. Mzee akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akatoka getini. Baiskeli ilirudi baada ya siku mbili, na jogoo amefungwa kwenye keria. Mikanda yote mitatu tuliikuta kitandani.

Sasa niseme la treni. Mwaka 2016 Mama Theo alikwenda kwao likizo. Chita aliteremka behewani mkono mmoja una mzigo, mwingine anampungia mama yake, ngazi ya mwisho akaikosa. Kosa lake, anasema mwenyewe. Aliangukia nyonga. Picha ilionyesha mfupa mzima, na baada ya wiki sita alikuwa anatembea kama zamani, wodini hadi kliniki, bila taabu. Ila kila alipofika stesheni na kuinua mguu kugusa ngazi, nyonga iliwaka moto. Akajaribu basi, barabara ikamtikisa, akateremka njiani, Idete, akarudi. Baada ya hapo sababu hazikukosa. Mara kazi nyingi, mara mvua, mara mwaka huu nimechoka.

Mama Klementina alikuja kumwona mara mbili, kisha umri ukamkatalia. Kila Mei, mpunga ukiwa mbichi bado, mama huyo huukaanga, huutwanga na kuupepeta kumtengenezea bintiye pepeta, zile punje bapa za kutafuna, na kuipakia kwenye treni. Tumeila sote hapa. Tuliisifu. Mama Theo aliitafuna polepole akitazama dirishani, akasema pepeta ya kutumwa si pepeta, inaliwa ikiwa moto, umekaa karibu na kinu. Mwaka jana alisema hivyo tena, na mimi, ambaye nilikuwa nimemeza swali kwa miaka, likanitoka:

"Mama Theo, umeacha kufanya nini?"

Alirudisha pepeta yake bakulini. Nilidhani nimeharibu.

"Nimeacha kwenda kwetu, Gasper," akasema. "Wagonjwa wangu wote nimewarudisha makwao, mimi nimebaki."

Kesho yake fundi wetu Donati alipima ngazi ya behewa kwa kamba, akajenga nyingine kama hiyo, ikawekwa pembeni mwa karai. Wiki ya kwanza mguu mmoja tu, kuinua na kushusha. Iliwaka. Mtaalamu wa miaka thelathini na zaidi alitoka jasho mbele ya ubao wa mninga, na mimi nilimwambia maneno yake mwenyewe, naye akaniambia nimeyakosea mpangilio. Tukaenda stesheni saa za chakula, siku ambazo hata treni haipo, kusimama tu. Tukapanda basi hadi Idete na kurudi, kisha mbele ya Idete. Mwezi uliopita alipanda treni kituo kimoja, akarudi kwa bodaboda, akapitiliza moja kwa moja kazini na kuona wagonjwa tisa. Uso wake siku hiyo sijui nitauandikaje. Ulikuwa uso wa msichana wa Chita.

Jumamosi ni vituo vyote. Nyonga inaweza kuuma, anajua. Anayo matumaini, anao na woga, na kiti ni cha dirishani.

Sisi tunabaki. Jumatatu chumba kitafunguliwa, karai lipo, ngazi ipo, nami nitawauliza wagonjwa lile swali kwa sauti yangu, ambayo si yake. Nimeshaanza kuikumbuka sauti yake, nayo ingali hapa, chumba cha pili, ikimgombeza mtu. Asante, mama, kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha kosa lako kabla hatujafanya la kwetu.

Mama Klementina ametutumia salamu kwa simu ya jirani. Mpunga mbichi ameshauvuna na kuukaanga, lakini safari hii hapakii kitu kwenye treni. Amesema ataanza kutwanga atakaposikia honi.

Tunakutakia maisha mema na marefu karibu na kinu hicho. Ukifika, usitupigie kutueleza nyonga imesemaje. Tuambie tu kama pepeta ilikuwa ya moto.

Gasper Lipangile, kwa niaba ya wenzako wa chumba cha mazoezi