Raphaël Peke Yake Kwenye Kiwanja cha Msitu

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi uliyetufikia kutoka Léopoldville, mabwana na mabibi,

Sisi wapakiaji, makanika wasaidizi na walinzi wa uwanja wa ndege tunakuamkia. Asubuhi mawingu yalikuzuia juu ya ziwa. Tulisimama tukisikiliza ndege yako inavyozunguka, tukaomba ushuke salama. Karibu. Ndugu Évariste anasoma, lakini maneno ni yetu sote.

TULIKOTOKA

Tunatoka Bagira na Kadutu, mitaa ya Bukavu, tunavuka daraja la mto Ruzizi kila asubuhi kuja kazini huku ng'ambo. Mwaka jana tulianzisha chama, tukamchagua Raphaël Cirhuza, mtu wa mizani ya mizigo, awe msemaji wetu. Ni mtu wa masihara. Hajui kula peke yake; akifungua sahani yake, humwita yeyote anayepita, hata asiyemjua.

MAZUNGUMZO

Tuliomba mkataba: nyumba, matibabu ya watoto, na mtu asihamishwe bila kuulizwa. Raphaël alizungumza na wakubwa wa hapa kwa upole, na mara mbili aliwachekesha. Walipofika kwenye neno la kuhamishwa, mazungumzo yakakwama. Kabla ya kikao kilichofuata, Raphaël mwenyewe alihamishwa.

Alipelekwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege msituni, upande wa Shabunda. Mgodi wa pale umefungwa na watu wake wamehama. Kazi yake ni kufyeka majani na kulinda mapipa ya mafuta. Familia hairuhusiwi.

Wakubwa wakatuambia, “Chagueni mwingine, tutasaini kesho.”

Tukakaa, tukapanga hivi: hakuna mgomo, hakuna matusi, mizigo ipakiwe kama kawaida, ila mezani hatuleti msemaji mwingine. Tulipoitwa tuliingia, tukaacha kiti chake wazi, tukanyamaza. Wakubwa wakafunga mafaili yao. Tangu hapo hakuna kikao.

SHIDA YETU

Tulidhani tumeshika mpini. Kumbe Raphaël ndiye aliyeshika makali.

Mvua zilipokuja, kiwanja kikawa tope na ndege haikuweza kutua. Rubani alimdondoshea mchele na chumvi kutoka juu. Gaston, anayesafiri na mizigo, alimwona kwa dirisha: amesimama katikati ya kiwanja, hata mfuko hakuukimbilia. Aliitazama ndege tu, mpaka ikampotea.

Kiwanja kilipokauka, Gaston alishuka. Raphaël alimkamata mkono, asiuachie.

“Gaston, sema kitu. Hata unitukane.”

“Niseme nini, papa?”

“Yoyote. Kule Bagira banapika nini?”

Gaston akamwambia sombe, yaani majani ya muhogo, na ndagala, vidagaa vya Uvira, vilivyopanda bei. Raphaël alisikiliza kama mtu anayesikiliza misa. Rubani alipomwita Gaston warudi, Raphaël alisema, “Uwaambie bachague mwingine, basaini. Nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe.”

Gaston alituletea maneno hayo mkutanoni. Wengine wakasema, basi, mwenyewe ametufungua, tusaini. Wengine wakasema hapana, akibanduliwa huyu leo, kesho ni nani? Tukapandishiana sauti. Ndipo Emérence, mke wa Raphaël, aliposimama na mtoto mgongoni.

“Mutu mwenye njaa musimuulize bei ya shamba lake,” alisema. “Ile si Raphaël anasema, ni upweke. Lakini na ninyi, munamushikilia kwa kiti, halafu jioni kila mutu anarudi kwa bibi yake. Kama hamumutoe kwa kiti, basi muende mukae naye.”

Wengi wetu tulitazama chini.

Adalbert, mpakiaji mwenzetu, alikuwa amepewa konje, likizo yake, na mama yake alikuwa akimngoja nyumbani Sange. Hakwenda Sange. Aliomba nafasi ndegeni katikati ya mizigo, akashuka kule na godoro lake begani. Raphaël alipomwona alikaa chini kwenye majani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile walikula pamoja. Konje ya Adalbert ilipokwisha, mwenzetu Lucien alitoa ya kwake, akaenda. Leo mchana ni zamu ya Donatien.

OMBI

Bwana Mkurugenzi, tunaomba mazungumzo yafunguliwe, na Raphaël arudi kuyamaliza. Neno la kuhamishwa hatuliondoi. Sasa tunaujua uzito wake.

Ukikubali au ukikataa, jibu lako lisianzie kwetu. Ndege ya mchana ina nafasi. Panda na Donatien, ukamwambie Raphaël mwenyewe. Na ukishamwambia, usikimbilie kuondoka. Kaa naye kidogo, hata kama umekosa la kusema.

Mungu akulinde angani na ardhini, asimwache mtu wako hata mmoja mahali pasipo sauti ya mwenzake.

Ni sisi,
Chama cha Wafanyakazi wa Uwanja wa Ndege,
Bukavu, 1958