Fundi Tangi na Maji ya Hospitali

Ndugu waombolezaji, poleni kwa kuchoka, nasi tumechoka. Mimi ni mdogo wa marehemu, na haya nitakayosoma shemeji ameyasikiliza kwanza, akaondoa sifa mbili alizoona zimezidi.

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Tangi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mshona viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1973, akajifunza ufundi bomba, na mwaka 1981 akaajiriwa hospitalini, akakabidhiwa tangi lililo juu ya paa la wodi.

Tangi hilo lilijazwa na bomba la mji, na maji yakikatika pampu ya kisima ilisaidia, ila maji ya kisima yana chumvi, hivyo kaka alifunga maboya mawili, vielea vya kufungua na kufunga maji, la mji juu, la kisima chini, ili pampu iwake tangi likikaribia kukauka na izime likifika robo, nafasi iliyobaki ingoje maji matamu. Wakubwa walimlaumu kwa kutojaza, akawajibu kwamba akiba ni ya kuvukia, si ya kushibia. Lakini boya la chini liliwahi kukwama, pampu isiwake, wauguzi wakazalisha mama kwa maji ya chupa, na tangu hapo, kila maji yalipokatika, alipanda ngazi kuchungulia mwenyewe.

Alimwoa shemeji tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana, na ukweli usemwe, nyumbani walipata kilichobaki, maana hata siku ya harusi alitoka ukumbini na suti yake kwenda kulitazama tangi, bibi harusi akakata keki na wageni.

Alistaafu mwaka 2018, akaendelea kupanda, moyo ukadhoofika, miguu ikavimba, daktari akamkataza ngazi, akakubali kwa mdomo tu. Mei 2024 alilazwa chini ya tangi lilelile. Jumatatu moja alasiri maji ya mji yakakatika, akashusha miguu kitandani, shemeji akamshika mkono, akamwambia amechoka kumngoja chini ya ngazi. Kaka akabaki ameketi, wakasikiliza wote wawili, mpaka pampu ikawaka, ikanguruma, ikanyamaza.

“Imezima yenyewe,” akasema. “Nisaidie nilale.”

Alifariki asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 11 Juni, mkono wake ungali mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliobeba jeneza. Maji ya mji hayajarudi hadi sasa, lakini wodini mabomba yanatoa maji. Pumzika kwa amani, kaka, hakuna anayekuita juu.