Jiwe la Kusagia Wimbi

Bosibori: Haloo? Nani?

Tecla: Kwani ulifuta namba yangu?

Bosibori: Ah, Mama Chepkurui. Chamgei.

Tecla: Siku hizi unasalimia na Kikipsigis. Mama mkwe wetu anakufunza vizuri huko Kapsoit.

Bosibori: Anajaribu. Mko aje huko Chebunyo?

Tecla: Tuko. Nasikia alienda kliniki ya moyo.

Bosibori: Eh. Presha imeshuka. Daktari ameuliza anakula nini, nikasema ugali ya wimbi, na asubuhi uji ya wimbi, ile haijakobolewa—

Tecla: Na mimi nilikuwa nampatia nini, sumu?

Bosibori: Sijasema hivyo, dada.

Tecla: Akiwa hapa kwangu nilimpikia sembe nyeupe, ile ya wageni. Ugali nyeusi sikuweka mbele yake, watu wasiseme amezeekea kwa shida. Sasa wewe Mkisii unampikia chakula ya kwetu, na kanisa yote ni Bosibori, Bosibori.

Bosibori: Hata kwetu tunakula wimbi.

Tecla: Najua mnakula. (mtandao unakwaruza) Najua.

Bosibori: Unanisikia? Mama ameniambia nikuulize. Unga ya posho mill haimpendezi. Anataka jiwe yake ya kusagia. Weldon wangu anaweza kuja na pikapu—

Tecla: Jiwe?

Bosibori: Ile alikuja nayo akiolewa.

Tecla: Najua ni gani. Ilikuwa inashikilia mlango ya kuku.

Bosibori: Basi Weldon akikuja—

Tecla: Kwani Mama harudi?

Bosibori: Hajasema.

Tecla: Mtu wa kurudi haitishi jiwe yake.

Bosibori: Mama Chepkurui?

Tecla: Bwana yako asikuje. Hiyo jiwe nimeiosha jana. Nikanunua wimbi, nikajaribu kusaga. Unga inatoka na mchanga, mikono yote imechubuka. Nina wivu na wewe, Bosibori, mpaka silali.

Bosibori: Nimwambie hiyo?

Tecla: Wacha. Mwambie tu jiwe ni nzito, haitoki hapa. Haraka, kredo inaisha.

Bosibori: Amesikia. Simu iko kwa spika tangu uulize kama harudi.

Tecla: Mungu wangu.

Bosibori: Anasema usiguse hiyo wimbi tena, unaiharibu. Anakuja kukuonyesha. Ameshaanza kukunja leso zake. Nitamleta Jumam—

Tecla: Aletwe na Weldon. Wewe baki huko na—

(kredo imeisha)